Nani Kakwambia?

Kidato cha tatu, Wete, saa nne kasorobo.
Feni imekufa tangu Rajabu.
Ubaoni swali moja, nililowapa wiki nzima:
kisima cha skuli yetu kilichimbwa mwaka gani?

Ghanima kaja na simu ya kaka yake,
ujumbe uliopita mikono isiyohesabika:
*Chini yake kuna handaki, latokea Chake.
Mpelekee mwenzio kabla hajalala.*
Shaame kaja na kitabu cha jalada gumu,
na ugumu wa jalada kwake ndiyo hoja.
Mkasi kaja na maneno ya bibi yake
kwa kalamu nyekundu, ili yaonekane.
Faki hakuja na kitu.

Nikafungua vipakiti viwili vya karafuu
nikazimwaga juu ya daftari la mahudhurio.
"Zipi nzito?"
"Hizo, mwalimu." Na wakacheka,
maana mtoto wa Pemba hafundishwi hili:
zimenyweshwa maji usiku wa kuamkia mizani.
Mkasi kavunja moja kwa ukucha. Haikulia.
Karafuu kavu hulia *ta!*
Iliyolowa hujikunja tu,
kama shahidi wa kukodi mbele ya kadhi.

"Chuoni," nikasema, "mkisomewa hadithi
mwauliza: kaipokea kwa nani, naye kwa nani?
Mbona mkija skuli
ufunguo huo mwauacha mlangoni na makubadhi?"

Tukavunja, moja moja.
Ujumbe wa Ghanima hauna jina wala mwaka,
una haraka tu.
Neno lenye haraka, liulize lakimbia nini.
Kitabu cha Shaame kina jina la mtu,
lakini ukurasa wa tisa
kauchukua mji wa Wete, kauweka Unguja.
Shaame kalifunga jalada polepole,
kama anayefunika maiti.

"Na bibi yako, Mkasi, alikuwapo?"
"Alikuwapo."
"Ana miaka mingapi siku hiyo?"
"Minne."
"Mtu wa miaka minne hukumbuka nini?"
"Kuwa alipigwa kwa kuchezea tope."
"Basi hapo mwamini. Tope lilikuwapo.
Mwaka, tuutafute kwengine."

Ndipo Faki, mikono mitupu, akasimama.
"Na wewe, mwalimu?
Mwaka jana ulituandikisha hamsini na nne.
Nani kakwambia?"

Nikafungua kinywa.
Nimepokea kwa Mwalimu Salhina, Mungu amrehemu,
naye kapokea kwa...
Mnyororo wangu ulikuwa na pete moja.
Miaka ishirini na miwili
nimewakata watoto alama kwa pete moja.

Tukatoka nje, wote arubaini na watatu.
Shaame kakwangua kuvu kwa rula,
saruji ikatoa tarakimu kama meno:
moja, tisa, tano,
na ya mwisho imemeguka ubavu.
"Nane!"
"Tatu hiyo, huoni mkia?"
Nne, hata kwa kuipenda, haikuwa.
Na Faki tena, huku kachuchumaa:
"Huenda ni mwaka wa kifuniko.
Kisima na kifuniko si ndugu wa tumbo moja."

Kengele ikalia, hatujaafikiana.
Nimerudi darasani peke yangu,
nikafuta *1954* kwa kiganja,
nikaandika *miaka ya hamsini, huenda*,
na hilo *huenda* likaniuma mkononi
kama chaki iliyojaa mchanga.

Usiku nimelishusha daftari langu la zamani,
lile la kufundishia, la jalada lililoliwa na mende.
Pembeni mwa kila mstari, kwa penseli:
*nani?*
*nani?*
Nimefika ukurasa wa tatu,
umeme ukakatika.