Nyuzi Kumi na Mbili

Fabien amesema mwisho Ijumaa.
Amplifaya yake kwa gitaa langu, mkono kwa mkono,
hakuna nyongeza.
Ijumaa ni kesho kutwa, na theluji imeanza tena
kuziba dirisha la jikoni hapa Glace Bay.

Ninayo mawili.
La umeme nalipiga kila usiku
nikishaegesha gari la kuparua theluji
na vidole vikakumbuka kuwa ni vidole.
Nalipiga kavu. Linalia kama mbu ndani ya chupa.
Donelda anakaa juu yangu mwaka wa sita huu,
hajui kama nyumba hii ina mpiga gitaa.

La pili lina sauti ya kujaza ukumbi wa kanisa,
nalo limelala chini ya kitanda
na viatu vya kiangazi.

Basi hesabu ni hii:
nilipigalo halina sauti,
lenye sauti silipigi.
Mtoto wa darasa la pili angenipa jibu.

Lakini mtoto wa darasa la pili hakuwepo dukani
kule Sydney (hii yetu, ya baridi)
siku nilipochukua kiinua mgongo cha kiwanda cha samaki,
mikono bado inanuka chewa,
nikampita mwenye nyumba, nikaipita benki,
nikatoka nimekumbatia sanduku jeusi kama bwana harusi.
Sikununua gitaa siku ile.
Nilinunua mtu:
yule anayekaa ngazini jioni bila haraka,
watu wakipita hupunguza mwendo.
Hajafika bado.
Nimemwekea nafasi chini ya kitanda,
na kulitoa gitaa ni kumwandikia
kwamba asijisumbue.

Dada yangu Murdena akauliza kwa simu,
"Mara ya mwisho umelipiga lini?"
Nikasema, harusi ya Effie.
Kimya.
Effie ana watoto watatu.

Tena, niseme kweli, naiogopa hiyo amplifaya.
Debe tupu haliachi kuvuma,
nami sijawahi kujisikia nikiwa mkubwa.

Alhamisi usiku nikalitoa.
Chombo hakikabidhiwi kikiwa kimelegea, hiyo ni adabu tu.
Nyuzi kumi na mbili, mbili mbili,
kama mapacha walionuniana:
huyu ukimkaza, mwenzake anashuka.
Saa nzima na dakika ishirini.
Nilipomaliza nikagundua
ni miaka sijalishika muda mrefu hivyo,
na kwamba sikutaka kulipiga.
Nilitaka kulala.

Karakana ya Fabien ina harufu ya petroli na kahawa.
Alilifungua sanduku, hakusema neno,
akakaa juu ya tairi, akapiga.
Lilimjibu.
Miaka kumi na tatu sikuwahi kulisikia likisema vile,
nikasimama na glavu mkononi
kama mtu anayemwona mkewe wa zamani akicheka hotelini.
"Limetunzwa vizuri," akasema.
Nikamwambia ndiyo, halikuguswa.

Amplifaya ina uzito wa kondoo aliyelowa.
Nimeipandisha ngazi moja moja, nikipumzika.
Nimeiweka palepale penye kamba na viatu,
nimechomeka, nimesubiri taa nyekundu,
na ile sauti yake ya kunguruma kabla hujagusa kitu,
kama mtu anayesafisha koo ili usikilizwe wewe.

Nikagusa uzi mmoja.
Vikombe kabatini vikaitikia.
Kosa langu la kidole cha tatu, lile nililolificha miaka yote,
likatoka kubwa, na mabega yake.
Nikarudia. Likatoka tena.
Mara ya tatu karibu nilipate.

Hapo juu ya dari, kwa mpini wa fagio:
ko, ko, ko.

Nikakaa nikitazama dari ilipogongwa,
mkono juu ya nyuzi,
nikicheka peke yangu.
Habari ya jioni, Donelda.