Kanyaga Penye Msumari

Kabla hatujalala chini ya paa hili
tulilala juu yake.
Miaka mitatu mabati yalikaa uvunguni,
mawili mawili, kadiri chama kilivyozunguka,
ncha zikichungulia nje kama miguu ya mgeni mrefu.
Hakuna muundi katika nyumba ile ya kupanga
ambao haukugongwa gizani.

Kule Kariobangi mwenye duka alinionyesha ya damu ya mzee,
yaliyokunjwa mfano wa vigae.
Mama, akasema, majirani watauliza.
Nikaikunja ncha kwa kidole gumba: ikaitika upesi mno.
Kinachoniitikia mimi upesi hivi
kitauitikia na upepo.
Nikachukua meupe, geji thelathini,
yasiyo na la kumwambia jirani.
Yalilikataa gumba langu.
Nikalipia mawili, nikafuata mkokoteni hadi Dandora.

Najua kila bati lilikotoka.
Ya jikoni ni sare za shule nilizoshona Januari.
La pembeni, upande wa choo, ni rambirambi za mama.
Mvua ikilipiga linalia sawa na wenzake,
lakini mimi husikia.
La juu ya mlango ni deni la Nyanchoka:
nusu nimelipa,
nusu tumeacha kuitaja.

Fundi Musembi alikuja na kandambili, penseli sikioni.
Akairudisha dukani misumari isiyo na mpira.
Hakupigilia bondeni hata mmoja.
Bondeni ni njia ya maji, alisema,
msumari kaa mgongoni.
Akalipa paa mwinamo kuliko nilivyotaka kulipia mbao.
Nikanung'unika. Akanijibu kwa mdomo uliojaa misumari:
Maji ni mgeni, mama. Mwonyeshe njia ya kutoka
kabla hajavua viatu.

Tangu hapo ni kazi ndogondogo isiyoonekana.
Kongoti wa jalalani hutua asubuhi, wawili, watatu,
wanatembea paani kama kanjo, mikono nyuma,
wakikagua wasichokijenga.
Kila Machi, kabla ya masika, naweka ngazi
nachota mferejini walichoacha:
mifupa, mifuko, vizibo vya soda.
Mwaka mmoja nilikuta jino la maziwa la Mwende,
lile alilolirusha paani akiomba jipya.
Jipya alishapata, na pengo jingine juu.
Nililifuta kwa leso nikalirudisha juu ya bati.
Ombi la mtu haliendi na taka.

Halafu Aprili hii, tone.
Moja. Kimya. Jingine.
Juu ya kitanda kilekile.
Mutiso alikuwa ametoboa matundu manne
afunge dishi, atazame mpira.
Sikumgombeza. Nilimpa sufuria akalale nayo.

Musembi alisharudi Kitui, magoti yamemwishia.
Kwa simu akanieleza lami, kitambaa, brashi ya waya,
akakohoa, akaongeza:
Usijikanyagie tu. Kanyaga penye msumari.
Chini yake pana mti.

Basi nilipanda, miaka hamsini na tisa,
leso nimeifunga katikati ya miguu,
na chini Baba Akoth anapiga kelele, mama mzima paani!
Nikafuata mstari wa misumari, hatua kwa hatua,
na kila msumari ulinishika.
Huko juu nikaona mtaa usivyojionyesha:
matairi na mawe yakibembeleza mabati yasiruke,
kutu, viatu vya watoto,
na ng'ambo ya mtaro yale ya damu ya mzee
yamepauka, yamekuwa ufizi.

Nikasugua. Nikapaka. Nikagandamiza kwa gumba.

Usiku mvua ilikuja na hasira zake zote.
Hakikudondoka kitu.
Mutiso akaamka asubuhi akitaka kuondoa sufuria.
Iache hapo, nikamwambia.
Lami siijui vizuri. Tutaongea Juni.