Yuniti Kumi na Tisa

Barua ya Denver ilikuja nene,
karatasi yake ngumu kama kola ya shati jipya.
Ya pili, ya chuo cha masista hapa hapa Pueblo,
ilikuja na stempu mbili, moja imebandikwa upande.
Nikaziweka juu ya mashine ya kukausha, namba sita,
zikatetemeka pamoja na mashuka ya hospitali
mpaka saa nane usiku.

Denver walisema: Hongera, Delfina Maestas.
Kisha, kwa herufi ndogo zaidi:
katika yuniti zako sitini tunapokea arobaini na moja.
Masista walisema: Zote sitini. Njoo.
Na chini, kwa kalamu, mtu akaongeza:
tutakutafutia chumba chenye dirisha la mashariki.

Anayetaka uwakili hupiga hesabu kabla ya kupiga magoti.
Kumi na tisa zilizokataliwa ni muhula mzima na kitu,
ni dola elfu kumi na moja,
ni mashuka mangapi hayo? Nilianza kuhesabu, nikaacha.
Shule ya sheria, niliambiwa, haitauliza nililala wapi;
itatazama alama, na mtihani wa kuingilia,
na barua za walimu wanaonifahamu.
Denver, darasa moja hukaa watu mia tatu.
Nani pale ataandika kwamba mimi huuliza swali la pili?

Baba, aliyemimina chuma miaka ishirini na sita
hadi tanuru lilipozimwa, alisema tu:
"Deni halivai joho."
Mjomba Eliseo akasema, fuata jina,
jina hufungua mlango.
"Na bawaba analipia nani?"
Wakabishana hadi pilipili zikaungua jikoni.

Mimi nilitaka kujua jambo moja:
zipi hizo kumi na tisa?
Nikapiga simu mara nne. Mara ya tano
bwana mmoja, Whitlock, akanisomea orodha
kama asomaye majina ya marehemu:
Takwimu. Mantiki. Historia ya Maji ya Magharibi.
Uandishi wa Hoja —
hapo nikamkatiza.

Uandishi wa Hoja niliusoma muhula ule
mama alipokuwa akisafishwa damu mara tatu kwa wiki.
Insha niliziandikia kwenye kiti cha plastiki,
mashine yake ikivuma sikioni mwangu.
Nilipata A, na haikuokotwa.

Usiku ule nilikunja mashuka vibaya.
Niliandika kurasa tatu.
Nikaambatisha silabasi, nikapigia mstari vitabu
ambavyo wao wenyewe wanafundisha, sura kwa sura.
Mama sikumtaja. Alitaka kuingia katika kila aya,
nikamwomba asubiri nje.

Siku tisa.
Kisha Denver wakajibu: tunarudisha kumi na mbili.
Saba hapana. Na sababu za hizo saba wakazitoa moja moja,
wazi, bila adabu ya bure,
na mbili kati yake, nakiri, zilikuwa sababu nzuri.

Nilisoma jibu lile nimesimama.
Hakuna aliyewahi kunipinga kwa uangalifu namna ile.
Masista walinipa yote kabla sijafungua kinywa,
na wema wao, Mungu anisamehe,
ulinikaa kama koti la mtu mwingine:
lina joto, mikono mirefu.

Sisemi nimechagua vyema.
Yuniti saba bado ni dola elfu nne na ushei,
na Baba hajaniuliza; huitazama kalenda tu,
kama anayengoja chuma kipoe.
Masista niliwaandikia kwa mkono. Barua hiyo
ilinishinda kuliko rufaa.
Niliichana mara mbili.

Mashuka yamekauka. Nazima namba sita.
Basi la Denver huondoka alfajiri, saa kumi na moja na dakika kumi;
mfukoni nina majibu
ya zile sababu tano zilizobaki.