Mvi na Mba

Watoto wa wakili Ragwar wamefika asubuhi,
Akeyo kwa ndege, Ogweno kwa gari lenye matope ya Londiani.
Wamefungua kabati la chini, mimi nimeshika ufagio,
wakaliona sanduku.
Biri ishirini na tatu,
zimelala ubavu kwa ubavu kama ndugu wa kitanda kimoja.
Zote nyeupe.

"Zimeoza," akasema Ogweno. "Tupa."
"Hizo ni pesa," akasema Akeyo.
Lakini hakuna aliyetoa mkono mfukoni.

Nikazipanga mezani, nikafungua dirisha.

Mama yangu Nakhumicha alichambua tumbaku Malakisi
miaka kumi na minne, hadi kidole gumba chake
kikawa rangi ya chai isiyo maziwa.
Hakujua kusoma. Jani alilisoma mpaka tanbihi.
Jani huzeeka kama mtu, alisema,
na uzee una weupe wa aina mbili:
kuna mvi, na kuna mba.

Mvi hutoka ndani.
Mafuta ya jani hupanda polepole, mwaka baada ya mwaka,
yakifika juu hukauka yakawa unga,
unga sawasawa, kama chaki kwenye mkono wa shati la mwalimu.
Ukifuta, jani linang'aa chini yake,
na kidole hakinuki kitu ila tumbaku.

Mba huja kutoka nje.
Huja madoa madoa, hapa kijani, pale buluu,
ina vinyweleo kama mgongo wa kiwavi.
Ukiifuta inaacha alama, kama deni.
Inanuka gunia lililolowa mwezi wa Aprili.
Na usisahau kutazama mguuni, alisema,
pale kisu kilipopita:
mba hupenda palipokatwa.

Basi nikafuta.
Ya kwanza, mvi. Ya pili, mvi.
Ya sita ilikuwa na kijani chini ya pete yake ya karatasi,
kwa kuwa sanduku lilikaa upande wa ukuta unaotoka jasho
tangu bomba lipasuke, na nani angelitengeneza bomba?
Niliwapigia simu. Wote wawili. Tuliache hilo.

Ya tisa, mvi. Ya kumi na moja, mba,
imeanza kuipapasa ya kumi na mbili.

Ndipo Ogweno akainama karibu na meza,
akauliza kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya sukuma:
"Mwezi ule alipotia sahihi shamba la Kibos liende kwa Akeyo,
mzee alikuwa mzima?"

Akeyo akatazama sakafu niliyoipiga deki.

Mwezi ule alitia chumvi kwenye chai, akainywa yote.
Mwezi ule aliniita kwa jina la marehemu mkewe,
akaniomba msamaha kwa jambo nisilolijua.
Mwezi uleule alihesabu chenji ya maziwa,
akaniambia imepungua shilingi tano, na ilikuwa imepungua.
Alimsahihisha msomaji wa taarifa redioni, ngeli kwa ngeli.
Akakumbuka nambari ya kesi ya mwaka sabini na nane
na rangi ya viatu vya shahidi.

"Nilimfuta jasho kila siku," nikasema.
"Chini yake aling'aa."

Ogweno akachukua funguo za gari.

Jioni nimezirudisha ishirini sandukuni, upande mkavu.
Mbili nimezifukia nyuma, mbali na mboga.
Imebaki moja dirishani. Nimeifuta, haikuacha alama.
Nimeinusa, nikasikia tumbaku, kisha nikasikia gunia,
kisha sikujua kama ni biri au ni mkono wangu
ulioshika matambara ya nyumba hii miaka kumi na tisa.

Mama angeiweka juani siku tatu.
Kesho, kwa mawingu haya yaliyokaa juu ya Riat,
huenda jua lisitoke.