Behewa la Mwisho

Kabla ya vita Clem Oldroyd alikuwa mtu wa nyuma:
behewa la mwisho, gari moshi la makaa, Doncaster hadi Hull,
na taa nyekundu akiitundika mkiani
ili wa stesheni wajue treni imepita nzima.
Taa isipoonekana, alinieleza,
kuna kilichokatika njiani.

Jeshi lilimpima kimo, likacheka,
likampeleka nyuma tena.

Mimi nilikuwa fundi wa silaha, msichana wa miaka ishirini,
vidole vimepasuka kwa baridi ya Lincolnshire.
Kazi yangu bunduki nne za rashasha
na kile kibanda cha kioo kilichobandikwa mkiani mwa ndege.
Nilikisugua kwa kitambaa cha flana hadi kikatoweka machoni.
Doa dogo kama punje ya chumvi,
usiku, angani, huwa ndege ya adui;
na ukilitazama doa saa nane
doa nalo hukutazama.

Mwishowe alinisihi nikikate kioo cha mbele yake,
niache tundu wazi.
"Baridi naijua," alisema. "Doa silijui."
Nikakata.
Digrii arobaini chini ya sifuri zikaingia, zikaketi naye.

Wenzake sita walikuwa wakienda Ujerumani.
Yeye peke yake alikuwa akiondoka Uingereza,
usiku kucha, kinyumenyume,
magoti karibu yaguse kidevu,
mwavuli wake nje ya mlango, mahali mkono haufiki,
barafu ikimwotea kwenye barakoa.
Wenzake waliuona mji kabla haujawaka.
Yeye aliuona ukishawaka,
akaendelea kuuona, maili mia,
wekundu usiotaka kuzama.

Husemwa kisogo hakina macho.
Kisogo cha ndege ile kilikuwa nayo mawili,
ya kijivu, moja lenye makengeza kidogo akichoka.

Safari thelathini. Alifyatua mara moja tu:
aliipiga Zuhura.
Risasi mia mbili, na Zuhura hata kuchubuka.
Walimcheka wiki nzima;
rubani akamchorea nyota moja ubavuni mwa ndege
kana kwamba ameiangusha.

Safari ya kumi na tisa hakuicheka mtu
kwa kuwa hakuisimulia.
Tulikuwa na miaka kumi na mmoja ya ndoa alipoitoa,
jikoni, akimenya viazi, kisu kisisimame.
Ndege ya adui ilichomoza chini yake,
karibu kiasi cha kuona taa ndogo ya dashibodi
na kidevu cha mtu juu ya taa ile.
Haikuwaona.
Kidole kilikuwa kwenye kifyatulio.
Risasi zilikuwa zangu, nimezipanga mwenyewe mkandani;
mwali wa kwanza ungewaanika wote saba.
Akaibana pumzi.
Akaiacha ipite, kama treni ya watu wengine.
Ikapita upande wa kulia.

Dakika mbili baadaye, upande wa kulia,
kitu kiliwaka, kikashuka polepole,
polepole kuliko haki.
Alihesabu miavuli. Alifika miwili.

"Hivi vinatosha?" akaniuliza,
akiinua sufuria.

Sikumjibu la viazi wala la miavuli.

Basi ukitukuta kwenye treni ya Scarborough
usidhani tumegombana.
Mimi nimeelekea bahari, yeye ameelekea York.
Humtajia kinachokuja: daraja, ng'ombe, mvua.
Yeye hanitajii kinachobaki.
Hutazama tu, zaidi upande mmoja.

Tukishuka hungoja abiria waishe,
halafu hutembea hadi mwisho kabisa
akaione taa.

Mara moja tu balbu ilikuwa imeungua.
Tulikwama Malton dakika arobaini,
mlinzi akipiga filimbi, watu wakitoa vichwa madirishani,
na mume wangu, na koti lake la Jumapili,
amesimama relini nyuma ya behewa la mwisho,
mikono ameitanua,
haikubalii treni iondoke.