Beki wa Kushoto

Misimu kumi na minne alilinda upande wa kushoto,
na katika daftari la klabu jina lake limo mara moja tu:
Chansa Mulenda, dakika ya sabini, kajifunga.
Lubumbashi nzima ilinyamaza siku ile.

Hakuna anayeandika mpira ulioondolewa mstarini,
wala winga aliyekata tamaa, akarudi kati kutafuta njia nyingine.
Goti ndilo linalokumbuka. Mvua ya Novemba ikikaribia
linamwamsha kabla ya majogoo ya Katuba.

Sasa ana filimbi,
na koni sita alizozikata kwenye madumu ya mafuta,
na vijana wa chuo wanaofika wamechelewa
kutoka somo la miamba, vumbi jekundu hadi kwenye soksi.
"Msiangalie miguu," anawaambia. "Miguu huongopa.
Angalieni kiuno."
Wanacheka. Anawaacha wacheke.
Kisha anarudi nyuma hatua mbili, mikono mgongoni,
miaka hamsini na mmoja, tumbo la bukari,
na mshambuliaji wao mwepesi anakuja, anayumba, anageuka,
anajikuta nje ya chaki.
Mpira umebaki.

Kyembe, mdogo kuliko wote, akauliza:
"Kocha, wewe ulifunga magoli mangapi?"

Nyuma yake bomba refu la kiwanda lilisimama bila moshi.

"Moja," akasema. "Zuri sana. Kipa wetu hakuliona."

Akapuliza filimbi.
"Haya, upya. Kiuno."