Shingo Bado Inageuka

Miezi saba nilivaa miwani ya Shaame,
ile ya kufunika uso mzima,
aliyobadilishana na Mtaliano wa kuzamia kule Makangale
kwa pikipiki ya Kichina na laki moja juu.
Miezi saba Wete haikuwa Wete.
Nikiinama, dunia inainama nami.
Nikichungulia kona, nyuma ya kona kuna kona.
Nikinyoosha mkono, upanga unakaa kiganjani,
na kiganja ni kitupu, kinatoka jasho.
Nilipanda majabali baina ya kitanda na cherehani.
Nilivuta upinde nikavunja taa.
Nilimkwepa joka nikamwangusha Bi Time
na pishi nzima ya karafuu alizokwishazichambua.
Akakaa pale sakafuni, karafuu na makonyo yamerudi kuwa kitu kimoja,
akanambia tu:
"Huko uliko, Faki, watu hawapiti?"

Kisha Shaame akapata safari ya Maskati.
Akazikunja waya, akaitia miwani kwenye boksi la viatu,
akaniachia alama mbili nyekundu juu ya mashavu.
Zilifutika siku ya tatu.

Basi nimerudi kwa Dadi, Limbani, nyuma ya duka la mabati.
Mechi moja mia tatu. Benchi la mbao.
TV ina mstari wa kijani ubavuni
tangu siku mtu alipofungwa saba akairushia kifuu.
Na dunia, yakhe, imesukumwa kama chapati.
Mlima ni picha ya mlima.
Adui anakuja kushoto, nageuza shingo kushoto,
naona sikio la Kombo.
Nachungulia nyuma ya ukuta wa kwenye gemu,
naona ukuta wa Dadi na kalenda ya mwaka juzi.
"Kaka Faki kapata kiharusi?" watoto wanaulizana, wanacheka.
Vidole vinaijua pedi, viliijua kabla sijaota ndevu,
lakini mabega hayana kazi,
magoti yananiuliza tumefuata nini hapa.
Mtu mzima na viungo vyake vyote,
na linalotembea ni dole gumba.

Wiki nzima nimefungwa,
mara mbili na mtoto wa darasa la tatu
ambaye akikaa benchini miguu haifiki chini.

Sitasema uongo kwamba kioo bapa ni bora. Si bora.
Usiku nikifumba macho nakwenda kulekule,
kwenye daraja la barafu,
mimi ninayeijua barafu ya kwenye glasi ya ukwaju,
nasimama katikati, natazama chini,
na tumbo linaniamini.

Lakini jana, dakika ya themanini na tisa, tukuza ya Dadi ikaisha.
Pyu.
Banda zima likapiga yowe, watu kumi na nne koo moja.
Benchi likainuka upande, mtu akanikanyaga,
mtu akanishika bega akidhani la nduguye,
na alipojua silo hakuliachia.
Nikageuza shingo kushoto: giza likageuka nami.
Kulia, lipo.
Juu, lipo, na harufu ya karafuu za watu zilizoanikwa mchana.
Nyuma, Dadi anapapasa simu ya kununulia umeme
akitutukana mmoja mmoja kwa majina ya baba zetu,
na kila tusi lina pahala pake, mbali au karibu,
sikuhitaji kuambiwa.

Umeme uliporudi mechi haikuwepo.
Bao langu, la kwanza kwa wiki, lilikwenda nayo.
Nikatoa mia tatu nyingine.
Filimbi ikalia, na shingo, kidogo tu, ikaanza tena kutafuta kona,
ikakuta sikio la Kombo
lina vumbi la chaki.